Jinsi ya Kuuliza na Kuandika Jina Analojiita Mwanamke

Mwongozo huu ni wa wahojaji, wauguzi, washauri nasaha na kila mtu ambaye kazi yake inamtaka amuulize mwanamke anavutiwa na nani na anajitambua kuwa wa jinsia gani. Wengi huliandika swali hilo kana kwamba wanauliza tarehe ya kuzaliwa, ambapo jibu likishatolewa faili hufungwa. Jina analojiita mtu, yaani neno analolichagua kueleza anavutiwa na nani au ni wa jinsia gani, lina tarehe yake lenyewe, na ukiliandika bila tarehe hiyo umeandika nusu ya jibu.

Kwanza tenganisha maswali manne ambayo mara nyingi husongamana katika swali moja: anavutiwa na nani, amekuwa na uhusiano na nani, anajiita nani, na anajitambua kuwa wa jinsia gani. Alfred Kinsey, mtafiti wa Marekani wa mienendo ya kimapenzi, na wenzake, waliotoa matokeo yao kuhusu wanaume mwaka 1948 na kuhusu wanawake mwaka 1953, walitumia mizani ya 0 (jinsia nyingine pekee) hadi 6 (jinsia yake mtu pekee) iliyotazama mvuto na matendo kwa pamoja, wala haikumuuliza mtu anajiita nani. Baadaye Fritz Klein, daktari wa magonjwa ya akili, alitunga jedwali la vipengele saba, ambamo jina la kujiita ni kipengele kimoja tu. Huhitaji kuuliza yote saba. Muuguzi anayepima hatari ya maambukizi anahitaji kujua matendo, na akilitegemea jina atakosea, kwa maana mwanamke anayejitambulisha kuwa anapenda wanawake huenda amekuwa na mwanamume mwaka huu huu, bila kuwa amemdanganya mtu yeyote.

Jina pia hubadilika, na hapo ndipo wahojaji wengi huteleza, kwa hiyo nitakaa kidogo. Mwanasaikolojia wa Marekani Lisa Diamond aliwafuatilia wanawake 79 kwa miaka 10. Mwanzoni baadhi yao walijitambulisha kuwa wanapenda wanawake, wengine kuwa wanavutiwa na jinsia zote mbili, na wengine walikataa jina lolote. Katika matokeo aliyoyachapisha mwaka 2008, takriban theluthi mbili walikuwa wamebadili jina angalau mara moja tangu mahojiano ya kwanza, na walioingia katika kundi la jinsia zote mbili au la wasio na jina walikuwa wengi kuliko waliotoka humo. Anayeamini kwamba wanawake hao walikuwa wakipita njiani tu, wakielekea kwenye jina la kudumu, hapati msaada katika takwimu hizo. Mwanamke anaweza kubadili jina kwa sababu amempenda mtu asiyetarajia, kwa sababu amekutana na neno ambalo hakuwa nalo, au kwa sababu sasa yuko mahali ambapo kulitamka hakumletei hatari. Jina la zamani lilikuwa kweli siku lilipotamkwa.

Ukirudi kumhoji, basi, usimwonyeshe jibu lake la awali kabla hajajibu upya, na usilifute. Liache mahali pake, andika jipya chini yake, kila moja na tarehe yake. Usimuulize kwa nini amebadilika, maana swali hilo humweka kizimbani. Muulize alianza lini kulitumia jina hili na linamfaa namna gani, kisha nyamaza usikilize.

Katika kuandika maswali yenyewe, lugha yetu inatudai uangalifu wa pekee. Neno jinsia hubeba mwili aliozaliwa nao mtu na vilevile namna anavyojitambua, na swali lenye neno hilo peke yake humfanya kila mhojiwa ajibu swali lake mwenyewe. Wenzetu wa Uingereza na Wales walipata somo hilo kwa gharama kubwa: katika sensa ya 2021 waliuliza kwa mara ya kwanza, katika swali moja refu, kama jinsia anayojitambulisha nayo mtu ni ile ile aliyoandikishwa alipozaliwa, na mwaka 2024 takwimu hizo zikashushwa hadhi baada ya kuonekana dalili kwamba baadhi ya watu, hasa wasiokijua Kiingereza vizuri, hawakulielewa. Kanada mwaka huo huo wa 2021 iliuliza mara mbili, kwanza jinsia ya kuzaliwa, kisha jinsia ya sasa. Fuata njia ya pili. Andika: “Ulipozaliwa uliandikishwa kuwa wa kike au wa kiume?” Swali linalofuata liwe: “Leo unajitambua kuwa nani?” na chini ya machaguo acha mstari mtupu, mrefu wa kutosha sentensi nzima.

“Mwenye jinsia mbili” liepuke kabisa, kwa kuwa wengi hulielewa kuwa mtu aliyezaliwa na maumbile yasiyo ya kike wala ya kiume moja kwa moja, ilhali wewe ulikusudia anayevutiwa na wanawake na wanaume. Msagaji ni neno linalowachoma wengi, ingawa wapo wanaolichukua kwa fahari. Liandike pale tu mhojiwa mwenyewe anapolitamka. Neno shoga, ambalo wanawake waliitana kwa urafiki na ambalo leo wengi hulisikia kwa maana ya mwanamume anayependa wanaume, linatosha kutuonyesha jinsi jina linavyoweza kuhama. Tuna neema moja: “yeye” haitaji jinsia ya mtu. Jinsia huingia kupitia Bi, Bwana, dada na kaka, kwa hiyo muulize mtu angependa umwiteje kabla hujaanza.

Nakumbuka dodoso moja ambalo mhojiwa alitia alama ya vema kwenye kisanduku, akaikata, akatia kwenye kingine, kisha pambizoni akaandika kwa herufi ndogo sana: “kwa sasa”. Aliyeingiza majibu kwenye kompyuta alichukua alama ya pili na kuyaacha maneno yale mawili, kwa sababu jedwali halikuwa na pa kuyaweka. Bado linaniuma. Tangu hapo kila jedwali ninaloliandaa lina safu ya tarehe na safu ya maneno ya mhojiwa kama alivyoyasema.

Jedwali hilo lisikae pamoja na majina halisi ya watu. Tumia namba, na orodha inayounganisha namba na majina ifungiwe kwingine, kwa kuwa zipo nchi ambako jibu kama hili linaweza kumfikisha mtu gerezani. Mwambie hayo kabla ya swali la kwanza, na mwambie kwamba anaweza kuliruka. Akiliruka, andika “hakutaka kujibu”. Akisema bado anatafuta, andika “bado anatafuta”, na usiyaunganishe majibu hayo mawili katika kisanduku cha “hajui”.