Kupitisha oili kwenye injini kubwa kabla ya kupiga stata

Wiki iliyopita tulimaliza kubadilisha beringi za krenki (krenki ni mhimili mkuu unaozunguka ndani ya injini, na beringi ndizo zinazoushika) kwenye jenereta ya dizeli ya silinda 12 hapa Kisumu. Kijana ninayemfundisha kazi alikuwa tayari kupiga stata. Nilimzuia, maana injini iliyotoka kufunguliwa ni kavu ndani.

Wengi hudhani presha ya oili ndiyo inayoinua krenki. Presha kazi yake ni kuifikisha oili kwenye beringi tu. Krenki yenyewe ikizunguka huivuta oili hiyo na kuibana upande unaobeba mzigo, mpaka chuma kinaelea juu ya utando mwembamba kuliko unywele. Ukiwasha pakiwa pakavu, beringi mpya inakwaruzika kabla geji haijapanda.

Hatua ya 1. Safisha sampu, beseni la oili chini ya injini, kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, kamwe si pamba. Tia oili ya daraja lililoandikwa kwenye kitabu cha injini. Filta mpya usiijaze kwa mkono: ukikosea tundu, oili inaingia kwenye beringi bila kuchujwa. Iache pampu iijaze.

Hatua ya 2. Ondoa waya za betri. Kama injini huwashwa kwa hewa, funga valvu ya hewa.

Hatua ya 3. Washa pampu ya kutangulizia oili, ile inayosukuma oili kabla injini haijawashwa, utazame geji. Mimi hufunga geji ya mshale kwenye njia kuu ya oili, baada ya filta. Ile ya kioo cha paneli siiamini kwa kazi hii.

Mshale usipopanda baada ya dakika chache, zima. Pampu isizunguke kavu. Mara ya kwanza haya yaliponikuta nilipoteza siku nzima: nilifungua valvu ya presha, nikabadilisha filta, nikaishuku pampu. Nilikuwa natafuta oili inayovuja, na sakafu ilikuwa safi. Kumbe bomba la kunyonya, lile linalotoka kwenye sampu kwenda kwenye pampu, halivujishi nje. Linavuta hewa ndani. Oringi (pete ya mpira) ya kiungo chake ilikuwa imebanwa vibaya nilipoifunga. Kwa hiyo anza hapo. Paka grisi nzito kuzunguka kila kiungo cha bomba hilo, uwashe tena. Mshale ukipanda, umepata penyewe. Grisi si dawa: fungua, weka oringi mpya iliyopakwa oili. Kama viungo vyote ni vizima, jaza bomba oili kwa mkono, kwani pampu tupu mara nyingine haina nguvu ya kuivuta.

Hatua ya 4. Pampu ikiendelea, zungusha krenki kwa mkono mizunguko miwili kamili. Oili ya konrodi, fimbo zinazounganisha pistoni na krenki, hupitia matundu yaliyotobolewa ndani ya krenki. Fungua vifuniko vya pembeni, umulike kwa tochi: kila beringi idondoshe oili, na juu kwenye roka, mikono inayofungua valvu, pia. Moja ikiwa kavu, usiwashe.

Hatua ya 5. Funga, rudisha betri, washa bila mzigo. Baada ya dakika tano zima na uondoe betri tena, subiri angalau dakika kumi kabla ya kufungua, kwa sababu mvuke wa oili moto ukikutana na hewa unaweza kulipuka. Kisha gusa vifuniko vya beringi kimoja kimoja. Kilicho moto kuliko jirani zake, kifungue.