Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kumfunga Nyonga Majeruhi wa Bodaboda

Shuka la kitanda linatosha, mradi ujue mapema litakaa wapi. Wengi hulifunga kiunoni, na kosa kubwa ni hilo.

Nyonga ni pete ya mifupa. Nyuma katikati iko sakramu, pingili 5 zilizoungana zikawa kabari moja, imebanwa kati ya mifupa miwili mipana inayokutana tena mbele, kwenye kinena. Pete hii inashikiliwa na ligamenti, yaani nyuzi imara zinazounganisha mfupa na mfupa. Za nyuma ya sakramu ni nene na imara ajabu. Za mbele yake ni nyembamba. Chini kuna nyingine zinazoifunga sakramu na mfupa tunaoukalia. Mtu akigongwa kwa mbele, kiungo cha kinena huachana, zile nyembamba hukatika, na nyonga hufunguka kama mlango wa mbao mbili, bawaba zikiwa ligamenti za nyuma. Vena, mishipa ya kurudisha damu moyoni, zilizotandaa mbele ya sakramu huchanika. Lita kadhaa za damu zinaweza kujikusanya humo ndani bila tone kuonekana nje.

Ndiyo maana nyonga haisukumwi wala kutikiswa ili kupima kama imevunjika. Kila mtikisiko hung'oa donge la damu lililoanza kuziba. Mashaka yanatosha: ajali ya kasi, maumivu ya nyonga au mgongo wa chini, damu kwenye njia ya mkojo.

Jizoeze kwanza kwa mwenzako mzima. Weka kiganja ubavuni mwa paja lake, karibu na usawa wa mfuko wa suruali, kisha mwambie azungushe mguu ndani na nje. Kile kinundu kigumu kinachocheza chini ya kiganja ndicho alama yako, kushoto na kulia. Shuka hukaa hapo hapo kwenye vinundu; likipanda juu zaidi, nguvu haifiki kwenye kinena.

Andaa shuka lililokunjwa upana wa sentimita 25 hivi, kitambaa cha pili, mkasi na msaidizi. Toa simu na funguo mfukoni, vinginevyo vitachimba ngozi. Usimviringishe majeruhi, pitisha shuka kwenye uwazi wa chini ya magoti, mlivute kidogo kidogo hadi kwenye vinundu. Fungeni magoti pamoja kwanza kwa kitambaa cha pili, kisha kila mmoja avute upande wake mpaka nyonga irudi kwenye umbo lake, si zaidi, maana pete iliyopondwa kutoka ubavuni huumizwa na mkazo uliopitiliza.

Mzee aliyeteleza sebuleni, mguu mmoja umefupika na kugeukia nje, mara nyingi amevunjika shingo ya paja. Huyo shuka hili halimfai.

Saa ya kufunga iandikwe kwa kalamu juu ya shuka lenyewe. Ngozi iliyobanwa kwenye vinundu inaweza kuanza kufa ndani ya saa chache, na atakayempokea hospitalini hawezi kukisia.