Spana ya upepo juu ya Bridgeport ya zamani

Ukifunga spana ya upepo juu ya mashine ya kufreizi kama Bridgeport ili usipande tena stuli kila ukibadili koleti (kibano kinachoshika kifaa cha kukatia), weka springi mbili za kuinyanyua. Silinda ya hewa iishushe, springi ziirudishe. Bila springi, soketi ikibaki kichwani mwa bolti ndefu inayoivuta koleti ndani ya spindo (mhimili unaozunguka) halafu ukawasha mota, utajionea mwenyewe. Wakati wa kufungua, silinda iendelee kukandamiza: bolti haina pa kupanda, hivyo inaisukuma koleti ya R8, aina ya koni ya Bridgeport, itoke bila nyundo. Kukaza, presha ndogo na sekunde moja tu, la sivyo meno ya skrubu ya koleti yanaliwa. Kwenye spindo ya Morse, aina nyingine ya koni, ujanja huu mara nyingi unagoma. Mteremko wake ni mdogo mno, koleti inang'ang'ania, na nyundo ya shaba utaihitaji bado.