Namna ya Kumhudumia Mwanamke Anayeuza Ngono Mpakani Bila Kumpoteza Njiani

Katika miji ya Malaba na Busia, ambako malori yatokayo Mombasa kuelekea Kampala na Kigali hupanga foleni yakisubiri kuvuka, wanawake wengi wanaouza ngono hawakai mahali pamoja kwa muda mrefu. Mwezi huu mwanamke yuko upande wa Kenya, mwezi ujao amerudi kwao Uganda au amefuata njia ya malori hadi Mlolongo, karibu na Nairobi. Zahanati iliyozoea wagonjwa wa mtaa mmoja humwandika kuwa ameacha matibabu, ilhali amehama tu. Mwongozo huu ni wa wasimamizi wa zahanati na vikundi vya kijamii vinavyotaka kulirekebisha jambo hilo.

Anzeni na dirisha la usajili, kwa maana wengi hurudi nyuma kabla ya kumwona mhudumu yeyote. Tangu SHA, mamlaka mpya ya bima ya afya ya umma ya Kenya, ilipochukua nafasi ya NHIF, mfuko wa zamani, mwezi wa Oktoba 2024, ni rahisi mgeni asiye na kitambulisho cha Kenya kudhani kwamba hana huduma yoyote. Karani na afahamu kwamba Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu, wala si raia peke yake, haki ya afya, na kwamba kinakataza mtu kunyimwa matibabu ya dharura. Msajilini kwa jina analolitumia, chukueni nambari mbili za simu, na kazi yake aulizwe akiwa ndani ya chumba, si mbele ya foleni.

Saa za kazi nazo zina uzito. Aliyekesha hadi alfajiri hawezi kufika saa mbili asubuhi. Alasiri mbili kwa wiki zitawaleta watu wengi kuliko mabango.

Chagueni waelimishaji rika miongoni mwa wanawake wenyewe, na angalau mmoja awe ametoka ng'ambo ya mpaka. Wateso na Wasamia wanaishi pande zote mbili, kwa hiyo lugha si kikwazo kwao, lakini anayezungumza Kiganda au Kinyarwanda atahitaji mtu wake. Walipeni nauli na muda wa simu. Desturi ya kuwatumikisha bure kwa kisingizio cha kujitolea imevunja mipango mizuri mingi. Baada ya Marekani kusitisha misaada Januari 2025, vituo kadhaa vilivyowahudumia wanawake hawa vilifungwa, na ndiyo sababu ni busara waelimishaji wawe chini ya hospitali ya umma badala ya kutegemea mfadhili mmoja.

Kiini cha kazi ni swali moja linalopaswa kuulizwa katika kila ziara: unatarajia kwenda wapi? Anayetumia ARV, yaani dawa za kudhibiti virusi vya UKIMWI, na anayekaribia kuhama apewe, iwapo hali yake ni tulivu, dawa za miezi mitatu pamoja na barua inayotaja dawa anazotumia, tarehe aliyoanza na kipimo chake cha mwisho cha wingi wa virusi. Kenya na Uganda hutumia mchanganyiko uleule wenye dolutegravir kama tiba ya kwanza, kwa hiyo hakuna sababu ya kumbadilishia dawa kwa kuwa amevuka daraja. Asiye na virusi aelezwe kuhusu PrEP, dawa za kumkinga asiambukizwe, na apimwe magonjwa ya zinaa na saratani ya mlango wa kizazi siku hiyohiyo, maana huenda asirudi.

Akija akiwa amebakwa, matibabu yatangulie polisi. PEP, dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI baada ya tukio, huanza ndani ya saa 72 na humezwa kwa siku 28. Kidonge cha dharura cha kuzuia mimba hufaa hadi saa 120, japo mapema ni bora. Jazeni fomu ya PRC, ya huduma baada ya ubakaji, hata kama hataki kushtaki sasa, kwani baadaye anaweza kubadili nia. Wengine huwaogopa askari kwa sababu wamewahi kukamatwa kwa sheria ndogo za kaunti, na hofu hiyo isibishwe. Nambari 1195, ya msaada kwa waliofanyiwa ukatili wa kijinsia, hupigwa bila malipo kutoka popote nchini Kenya.

Wiki mbili baada ya kutoa barua ya rufaa, pigeni simu katika kituo alikoelekea. Ikiwa hajafika, tumieni nambari yake ya pili, na atakayepokea, kama si yeye mwenyewe, asiambiwe kwamba simu inatoka hospitalini.