Kabla mvua ya Septemba haijashika Bukavu

Wenye magari wa Bukavu, msingoje Oktoba. Mvua za kwanza ndizo mbaya zaidi: vumbi la kiangazi likilowa tu, mteremko wa Kadutu unakuwa kama umepakwa sabuni.

Tazama tairi kwanza. Mistari yake ikibaki na kina cha chini ya milimita 3, badilisha, hata kama Ulaya sheria inaruhusu 1.6; wao hawashuki miteremko yetu. Waipa usikimbilie kununua. Pitisha kitambaa chenye maji ya sabuni kwenye ule mpira wake, uone weusi unaotoka. Yangu nilidhani imekufa, kumbe uchafu.

Kuteremka, tia gia ya pili ungali juu, breki iguse kidogo kidogo. Na jembe lisikose nyuma ya gari, la kuchimbia tope ukikwama.