Kusoma alama kwenye picha ya jiji la mtoni siku ya sherehe: tumtumie Canaletto, London 1747

Wadau, mi nafundisha kuchora na swali ninaloulizwa sana ni hili: alama unazitafutaje kwenye picha ya jiji wakati unachoona ni maji, majengo na boti? Jibu langu ni moja, tafuta pale mchoraji alipouacha ukweli. Tumchukue Canaletto, mchoraji wa Venice, Italia, aliyehamia London 1746, na picha yake ya daraja la Westminster siku meya mpya anaenda kuapa. Ipo kwenye makumbusho ya Yale Center for British Art, Marekani, ifungue mtandaoni uizumu.

Hatua ya 1. Jua kwanza sherehe ni ya nini, rangi baadaye. Kila mwaka meya wa City, yaani ile London ya wafanyabiashara, alikuwa anapanda boti mpaka Westminster kula kiapo cha utii kwa mfalme. Kwahiyo mto hapo ni njia inayotoka kwenye pesa kwenda kwenye kiti cha enzi.

Hatua ya 2. Angalia umesimamishwa wapi. Uko juu, katikati ya maji, sehemu ambayo hakuna mtu angeweza kusimama, lakini toka hapo unaona kingo zote mbili kwa mpigo, Westminster kulia na Lambeth kushoto.

Hatua ya 3. Daraja, na hapa usiwe na haraka kabisa. Mwaka 1747 lilikuwa bado halijafunguliwa, tena mwaka huohuo nguzo yake moja ikaanza kutitia, watu wakaja kulivuka rasmi Novemba 1750. Sasa Canaletto kalichora limekamilika, safi, afu juu ya tao la katikati kaweka sanamu za miungu ya mito, Thames (mto wenyewe wa London) na Isis (jina la Thames kule juu, Oxford), ambazo hazikuwahi kusimamishwa pale! Huyo anachora London inavyotaka kuonekana, na mimi naona hiyo ndo roho ya picha nzima.

Hatua ya 4. Boti. Zile kubwa za makasia na bendera ni za meya na vyama vya wafanyabiashara. Nembo ya City ni msalaba mwekundu kwenye nyeupe na upanga mwekundu pembeni juu, upanga wa mtakatifu Paulo. Kumbuka pia kwao Venice Canaletto alishachora sherehe ya Kupaa, ambapo mtawala anatoka na boti ya dhahabu kutupa pete baharini kama anaoa bahari, kwahiyo heshima ileile kaihamishia kwa meya.

Hatua ya 5. Minara. Miwili ya mbele ya kanisa la Westminster Abbey ilikamilika 1745, yaani ilikuwa mipya kabisa wakati anachora.

Zoezi: tafuta picha yake nyingine ya Thames siku ya meya, iliyoko kwenye jumba la Lobkowicz, Prague. Linganisha kuba la kanisa kuu la St Paul's na minara ya makanisa mengine, afu jiulize nani kapewa kimo kikubwa kwenye anga na kwa nini.