Kubadilisha mpangilio wa boti kuukuu ya alumini: usiguse benchi kabla hujasoma hapa

Ukipata boti kuukuu ya alumini, ile ya futi 12 mpaka 16 yenye mabenchi matatu yanayokatiza kutoka ubavu mmoja hadi mwingine, wazo la kwanza linalokuja ni kuyang'oa yote upate nafasi, utandike sakafu, uweke jukwaa la kusimamia huku mbele, sanduku la vifaa, sehemu ya betri. Nakuelewa kabisa, mi mwenyewe nilianza hivyo hivyo. Benchi la kati lilikua linaniudhi kila nikitaka kupita, nikatoboa riveti zote jioni moja nikaenda kulala nina raha zangu. Kesho yake nimekuja na plaiwudi niliyoikata kwa vipimo vya juzi, naiweka, inapwaya, imebaki nafasi ya vidole viwili upande wa kulia na vipimo nilipima mara mbili. Plaiwudi haikua na kosa. Boti ndo ilikua imejiachia, mbavu zimefunguka kwa sababu kile kilichokua kinazishikilia nimekitupa nyuma ya nyumba. Ikabidi nizungushie mkanda wa kufungia mizigo, niivute kidogo kidogo mpaka irudi.

Kwa hiyo elewa hivi, benchi la boti ya alumini kukaliwa ni kazi ndogo tu. Kazi kubwa ni kushikanisha mbavu mbili zisifunguke wala zisijikunje mawimbi yakipiga, na ndani yake kuna foamu inayoifanya boti isizame ikijaa maji. Ukilitoa unadaiwa vitu hivyo viwili, na lazima uvilipe mahali pengine kwenye boti hiyo hiyo.

Tuanze mwanzo basi. Kabla ya kuwaza mpangilio jua kwanza kama boti inavuja na wapi. Iweke kwenye trela au magogo, hakikisha imeegemea vizuri chini kote, halafu mimina maji ndani kiasi cha kufunika safu za riveti za chini tu, usijaze, maji lita 1 ni kilo 1 na nusu tani ya maji kwenye boti iliyo nchi kavu inaweza kuipinda. Lala chini na chaki, kila riveti inayotoa jasho izungushie duara. Ukishatandika sakafu hutozifikia tena hizo riveti kirahisi, ndo maana nasema kwanza. Riveti iliyolegea mara nyingi inakubali kugongwa upya, mtu mmoja nje na nyundo na mwingine ndani ameshika chuma kizito nyuma yake. Iliyochoka toa uweke mpya, ila usiweke zile za kuvuta za kawaida zenye tundu katikati, zile zinapitisha maji, tafuta za mkia uliozibwa au za kugonga.

Halafu foamu. Fungua benchi moja uchungulie, kata kipande ukiminye. Kikitoa maji basi boti yako imekua ikibeba mzigo usiouona kwa miaka, na foamu iliyolowa haikaushiki kwa kuanikwa jua siku mbili, itoe yote. Fanya hesabu kabla hujaitupa. Benchi la urefu wa mita 1.2, upana sentimita 30 na kina sentimita 30 ni kama lita 108. Foamu mpya ya poliyurethani ya kujaza hapo ni kilo 3 na nusu hivi, na boti ikijaa maji inaipa nguvu ya kunyanyua karibu kilo 100. Hizo kilo 100 ndo unazozing'oa pamoja na benchi! Na usifanye ujanja wa kuijaza yote chini ya sakafu, boti ikifurika foamu ya chini inataka kupanda juu na boti inageuka kifudifudi na nyie mmo ndani. Nyingine weka pembeni, juu juu kwenye mbavu, ndani ya visanduku virefu vya ubavuni. Zile mbao nyeupe za foamu za kufungia vifaa vya umeme sizitaki kabisa, petroli ikizigusa zinayeyuka.

Ubao wa nyuma unaobeba injini ugonge gonge na mpini wa bisibisi. Sauti ikiwa butu, au ukishika injini ukaitikisa ubao ukacheza, umeoza, ubadilishe sasa.

Sasa mpangilio wenyewe, na hapa usikimbilie grainda. Chukua kadibodi na gundi ya karatasi, jenga kila kitu cha uongo ndani ya boti, jukwaa, sanduku, kiti, halafu ingia ukae, simama, jifanye unavuta nanga, jifanye unawasha injini kwa kamba uone kiwiko kinagonga wapi. Mimi kadibodi iliniokoa, jukwaa nililolichora kwenye karatasi lilikua zuri sana mpaka niliposimama juu yake nikaona ukingo wa boti unanifika chini ya goti, yaani nikiteleza hamna cha kunizuia. Nikalishusha. Hiyo ndo kanuni ninayoishika mpaka leo, kila sentimita unayoinua sakafu na watu wanapanda nayo, uzito unakua juu na boti inakua nyepesi kuyumba. Boti hizi ni nyepesi zenyewe, mtu mzima akisimama juu ya jukwaa refu ndo anaamua boti ilale upande gani.

Ukiridhika na kadibodi, peleka boti majini, tena kwenye maji matulivu ya kina kifupi, na madumu ya maji. Dumu la lita 20 ni kilo 20, weka pale betri itakapokaa, pale tangi litakapokaa, pale vifaa vitakapokaa, jumlisha na uzito wa mbao. Shuka uitazame kwa mbali. Ikiwa tezi, yaani nyuma ya boti, imezama na omo, mbele yake, inaangalia mbinguni, sogeza betri mbele, ni kazi ya waya mrefu tu. Na kile kibao cha kiwandani kinachosema boti ibebe kilo ngapi, kisome, sakafu yako mpya na jukwaa vinahesabiwa humo humo.

Uzito wa mbao watu wanausahau. Plaiwudi ya milimita 12, shiti nzima ya futi 4 kwa 8, ni kilo 20 na kitu. Ya milimita 18 inapita 30. Bati la alumini la milimita 3 shiti hiyo hiyo ni kama kilo 24, haiozi, ila linahitaji tegemeo chini karibu karibu la sivyo linabonyea na kupiga kelele. Ukichagua plaiwudi chagua ya gundi isiyoogopa maji, ipake epoksi pande zote hasa kwenye kingo na kwenye matundu ya skrubu. Usitumie mbao zilizotiwa dawa ya wadudu yenye shaba, zile za kijani kijani. Shaba na alumini zikikutana na unyevu alumini ndo inaliwa, utakuja kufunua sakafu ukute matundu kama ungo. Kwa sababu hiyo hiyo bolti na skrubu ziwe za stenlesi, zipakwe mafuta mazito au gundi ya kuzuia maji zisigusane uchi na alumini, na ukimaliza kukata waya okota kila kipande cha shaba kilichoanguka.

Benchi lenyewe sasa. Kabla ya kulitoa pima upana wa boti juu kwenye kingo, sehemu tatu, andika kwenye boti yenyewe kwa kalamu isiyofutika, halafu funga ubao mgumu kukatiza kutoka ukingo hadi ukingo uushike kwa klempu. Uache hapo mpaka mbadala uwe umefungwa. Mbadala ni sakafu iliyoshikwa kwa engo za alumini, vile vipande vya umbo la L, kwenye kila taruma, ile fito ya ndani inayoshika umbo la boti, pamoja na visanduku vya pembeni na vipande vya pembetatu vinavyounganisha sakafu na ubavu. Mimi siyatoi yote, la nyuma naliacha siku zote, la kati ukitaka njia likate katikati tu ubaki na visanduku viwili kulia na kushoto na sakafu inaviunganisha. Kama utachomelea, toa foamu kwanza, ikiungua moshi wake ni sumu.

Chini ya sakafu acha njia ya maji. Wazee walisema ukienda tezi na omo marejeo ni ngamani, yaani pale chini kabisa ndani ya chombo maji yanapojikusanya, na maji ya boti ndo hivyo, yatazunguka kote yaishie pale, kwa hiyo pale weka pampu na mfuniko unaofunguka kwa mkono, sio wa skrubu kumi. Tangi la petroli lisifungiwe kwenye sanduku lisilo na hewa, mvuke wake ni mzito kuliko hewa unakaa chini unasubiri cheche, na betri ikae mbali nalo. Fyuzi iwe karibu na betri, ndani ya sentimita 18, na usitumie mwili wa boti kama waya wa hasi, kila kifaa kiwe na waya zake mbili mpaka kwenye betri.

Rangi ni fupi. Sugua kwa msasa au brashi ya stenlesi, sio ya chuma cha kawaida, paka praima ya alumini siku hiyo hiyo kabla utando wa kutu ya alumini haujawa mzito tena. Chini ya maji usipake rangi ya kuzuia konokono yenye shaba, sababu unaijua tayari.

Ukimaliza rudisha madumu yale yale, simama kwenye jukwaa jipya, mwenzio naye asimame upande huo huo, muone ukingo unabaki juu ya maji kiasi gani. Wangu ulibaki shibiri moja na nusu, nikaona ni kidogo, nikaenda kukata miguu ya jukwaa tena.